Boliti Iliyong'aa Kupita Kiasi

Ukitaka kujua karakana ina msiba, usiangalie sura za watu, angalia redio. Redio ya karakana ile ya ndege ndogo ilizoea kuimba tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, mafundi wakigombania stesheni kama ndugu wa tumbo moja. Asubuhi hiyo ilikuwa imezimwa, na mtu alikuwa ameitupia juu kitambaa cha kufutia grisi, kama anayeifunika isione.

Mpelelezi wa ajali za ndege aliiona hiyo redio kabla hajamwona mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mcheshi, na watu wa viwanja vya ndege walimwita Sumaku kwa sababu mbili. Mkobani mwake hakukosa sumaku, ndogo kama kifungo cha koti. Na umbeya nao ulimganda wenyewe bila kuutafuta: akikaa benchi moja na mtu asiyemjua, soda haijaisha ameshaambiwa nani kaachika na nani alisababisha.

Habari yenyewe alikuwa ameipata njiani. Ndege nyeupe ya karakana hiyo ilifungwa boliti nyingine kwenye miguu yake, ikasimama nje kutwa nzima bila kuguswa. Kesho yake rubani alipoanza tu kuisogeza kwenda kuruka, mguu wa kushoto ukakunjika. Bawa likapiga lami, rubani akavunjika mkono. Sasa yuko hospitali anamsimulia kila nesi anayepita. Boliti moja ya mguu ule ilikutwa vipande viwili, na aliyeifunga alikuwa Fundi Kimya, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa nusu. Polisi wa kiwanja walikuwa wamemwita aripoti jioni hiyo hiyo, leseni mkononi. Kama Sumaku angesema kosa ni la mkono wake, asingerudi nyumbani kulala, na ufundi ungekuwa umemwishia hapo.

Mwenye karakana alimpokea mlangoni. Kila mtu alimwita Bosi, hata mke wake.

"Mama, karibu. Mimi sina haraka kabisa," alisema, akitazama saa.

Haraka yake ilikuwa nje, kwenye kivuli cha bawa la ndege ya pili. Familia moja ilikuwa imeikodi kwenda arusini. Walikuwa wamekaa juu ya masanduku yao, watoto wakikimbizana, na shangazi wa bwana arusi amepakata keki ndani ya boksi, haruhusu hata nzi alisogelee. Ndege hiyo nayo ilikuwa imebadilishwa boliti za miguu wiki ile ile, na Sumaku alikuwa ameizuia kwa simu akiwa bado njiani.

Bosi aliona jambo ni jepesi. Ndege ya pili ilifungwa na Fundi Mrefu, si Kimya. Kimya alikaza boliti kupita kiasi, boliti ikakatika. Makosa ya Kimya ni ya Kimya. Basi Sumaku aseme hivyo, watu wa arusi waende zao, keki isije ikaharibika.

"Na kama si mkono wake?" Sumaku aliuliza.

"Kama si mkono wake ni wa nani, Mama? Boliti inajikata yenyewe?"

Sumaku aliomba meza, taa, na ile boliti.

Walimpa meza ya chumba cha stoo, chumba kirefu chenye rafu hadi darini na dirisha dogo la kutolea vifaa. Aliyelimiliki dirisha hilo alikuwa Mama Stoo, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja na aproni ya bluu iliyopigwa pasi. Stoo yake ilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu aibu ya viatu vyake. Alimpangusia Sumaku kiti, akakipangusa tena, kisha kwa pumzi moja akamweleza kuwa Fundi Kimya ni mkwe wake, amemwoa binti yake wa pekee, kwamba kijana hana mfano, hanywi, hapigi, hajibizani, na kama kuna wa kuonewa duniani basi ndiye huyo.

"Tangu aoe, mwanangu, hajawahi kuniangalia usoni," alisema kwa fahari. "Adabu ya zamani ile."

Sumaku alicheka naye, akaivuta taa karibu.

Akaanza na sumaku yake. Ndege sehemu kubwa ni aluminiamu, na aluminiamu haina habari na sumaku. Lakini mahali padogo panapobeba mzigo mkubwa, kama kwenye miguu na vishikio vya injini, huwekwa chuma cha pua, kile kigumu hasa kilichopikwa kiwandani. Vipande viwili vya boliti viliruka vikaganda tak kwenye sumaku. Chuma, hilo halina ubishi. Lakini chuma kipi? Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, akapendekeza kwamba huenda muuzaji amewauzia boliti bandia. Lilikuwa wazo zuri. Sumaku alichukua tupa ya stoo na kuipitisha kwenye ubavu wa boliti. Tupa iliteleza kama kisu kisicho na makali juu ya kioo, isiache hata alama. Akaipitisha kwenye msumari wa ukutani. Ikang'ata, vumbi likamwagika.

"Si bandia," alisema. "Chuma laini kingeliwa na tupa. Hii ni ngumu kama ilivyotakiwa kuwa."

"Basi ni kukazwa mno. Si nilikwambia?"

Sumaku akauchomoa ule msumari ukutani kwa koleo, akaupinda mpaka ukawa kama ndoana, akampa Bosi aushike. Akamweleza kwamba chuma kikilemewa hulalamika kwanza. Boliti ikikazwa kupita kiasi hurefuka, shingo yake hukonda kama ya mtu aliyeugua, meno yake huachana, ndipo hukatika. Akaziweka pamoja pande mbili za boliti iliyovunjika. Zilikutana sawasawa, ubavu haujakonda popote. Pale ilipokatikia, chini kidogo ya kichwa, palikuwa na chengachenga zinazometameta kama sukari.

"Hii haikulalamika. Imekatika kama biskuti."

Bosi aliutazama msumari, akautia mfukoni bila kujua anaupeleka wapi. Akauliza basi kama haikuchoka tu, maana vyuma huchoka. Sumaku alikubali kwamba huchoka, ila kwa kazi: uchovu huacha mistari, mmoja nyuma ya mwingine, kama maji yaliyokuwa yakipungua ndani ya ndoo. Hapa hapakuwa na mstari. Na boliti yenyewe tangu ifungwe haikuwa imeruka wala kutua hata mara moja. Ndege ilisimama tu kutwa, na boliti ikaamua kukatika ikiwa imekaa.

Kilichobaki kumsumbua alikiweka moyoni kwanza. Boliti za miguu ya ndege alizijua tangu ujana. Hutoka kiwandani zimevaa ngozi ya rangi ya dhahabu iliyofifia, ya kuzuia kutu. Hii ilikuwa nyeupe pe, inang'aa kama kijiko cha wageni.

Chai ikaja. Mama Stoo aliamini kuwa hakuna shida inayozungumzwa kwa koo kavu, hivyo aliwaita wote: Bosi, Sumaku, Fundi Mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni, na Fundi Kimya, ambaye alikuja na kusimama karibu na rafu kama anayesubiri kupangwa humo. Mama Stoo alimimina. Siku zote, alisema, yeye huwatilia sukari mwenyewe, hataki vijiko vya watu kwenye kopo lake.

Bosi alikunywa kwanza, akageuka dirishani na kutema. Mrefu alionja kwa ncha ya ulimi, akaweka kikombe chini polepole.

"Mama," alisema, "maneno tunakuruhusu kuyatia chumvi. Lakini na chai?"

Mama Stoo alionja, akashika mdomo. Alikuwa amekosea makopo. Aliomba radhi mara nyingi, akiwapokonya vikombe, akisema ni mawazo ya mkwe wake yamemvuruga. Bosi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sumaku naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa Fundi Kimya. Alikuwa amekipokea kikombe kwa mikono miwili, akiangalia sakafu, na alikuwa akinywa. Alikunywa chai yote ile ya chumvi bila kukunja uso, akarudisha kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," alisema.

Mama Stoo alipoinama kukusanya vikombe, Sumaku aliona kitu kingine. Ile aproni safi, iliyonyooshwa kwa pasi, ilikuwa na vitundu vidogo vidogo tumboni, kama imeliwa na mende. Mtu anayepangusa kiti mara mbili havai nguo iliyoliwa na mende.

Akamwomba Fundi Kimya wakae nje kidogo, kwenye mapipa matupu. Mahojiano hayakuwa marefu. Alimuuliza kila swali kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. Alitumia spana gani? Ile ya kupimia, yenye mshale wa kuonyesha nguvu. Alikaza mpaka wapi? Mpaka panapotakiwa. Kuna mtu alimharakisha? Hapana. Sumaku akamwambia kwamba amemsadiki, kwa sababu boliti yenyewe imemtetea. Fundi alishtuka kidogo, kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

"Hata hivyo kosa ni langu," alisema.

"Kosa gani?"

"Langu tu."

"Fundi, jioni hii polisi watakuuliza, na 'langu tu' hawatakuandikia. Una mke, una mtoto. Boliti ulizitoa wapi?"

"Stoo."

"Ulizipokea kwa nani?"

Kimya alitazama mikono yake. Hakusema tena, na Sumaku hakumsukuma. Aliwahi kuhoji watu waliofunga midomo kwa woga na wengine kwa ujanja. Huyu hakuwa wa huko wala huku. Kufunga mdomo kwake kulifanana na kule kunywa chai.

Fundi Mrefu yeye alikuwa bomba lililoachwa wazi. Bila kuulizwa alimweleza Sumaku kuwa dari la stoo lilivuja mvua zilizopita, trei ya boliti ikalowa, na zile zilizokuwa zimechubuka ngozi zikashika kutu. Bosi alizikuta, akamfokea Mama Stoo mbele ya watu kwamba stoo imekuwa jalala. Mama wa watu alilia kutwa. Baada ya hapo trei ikatoweka, na mahali pake likatokea kopo la biskuti lenye boliti zinazong'aa. Mrefu alidhani Bosi ameona aibu akanunua nyingine.

"Na wewe ulizikagua ulipozichukua?" Sumaku aliuliza.

Mrefu akaeleza utaratibu wao. Kila kinachoingia stoo kinakaguliwa mara moja, na mkaguzi wa karakana ni Kimya, kwa sababu ana jicho kuliko wote. Mrefu aliwahi kumwona akirudisha nati kwa doa ambalo yeye Mrefu hakuliona hata baada ya kuonyeshwa. Akishapitisha Kimya, wengine huchukua na kufunga. "Nani mimi nikague nyuma yake, dada? Nitaonekana najifanya."

Sumaku alimshukuru. Picha ilikuwa imekaribia kukamilika, lakini picha iliyo kichwani mwake haikuwa kitu cha kumwekea Bosi mezani. Alihitaji boliti zenyewe ziseme. Akarudi stoo na kumwomba Mama Stoo ampe boliti mbili za mguu wa ndege, moja kutoka kwenye pakiti ya kiwandani iliyofungwa bado, na moja kutoka pale alipotoa zile za mkwe wake.

Mama Stoo alipanda ngazi kufuata pakiti rafu ya juu. Kisha akainama akatoa kopo la biskuti, akalifungua kama anayefungua sanduku la dhahabu za mkewe mfalme. Boliti zililala ndani juu ya kitambaa cheupe, zimepakwa mafuta, zinawaka.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Halafu wanasema stoo yangu jalala."

Kwenye meza ya kazi palikuwa na jiliwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma. Sumaku alibana humo bamba nene lenye matundu, akapitisha boliti zote mbili, ya dhahabu na nyeupe, zikiwa zimeachana kiganja. Akamwita Mrefu azikaze kwa spana ya kupimia, nguvu ile ile inayotumika kwenye ndege, na Bosi akasimama kuuangalia mshale. Zote zilikaza vizuri. Hakuna iliyolia.

"Haya," alisema Bosi. "Zimekaza. Sasa?"

"Sasa tunakaa."

"Tunakaa tunafanya nini?"

"Tunaziangalia, Bosi. Ile ya ndege ilikatika ikiwa imekaa. Na sisi tukae tuone."

Bosi alisema maishani mwake amelipia viingilio vya kila aina lakini hajawahi kuangalia boliti kama sinema. Akakaa lakini. Mrefu alileta benchi. Mama Stoo alichemsha chai nyingine, safari hii akionja kila kikombe. Kimya alisimama kwenye rafu yake. Aliiangalia ile boliti nyeupe mara moja tu chini ya mwanga, karibu kabisa, kisha akageuza uso, na Sumaku akajua kwamba ndiyo mara ya kwanza anaikagua nzima iliyotoka kwenye kopo lile.

Mchana ukapita polepole. Shangazi wa arusi alikuja kuuliza kama kuna jokofu. Mama Stoo akalihamisha boksi la keki kwenye jokofu la kutunzia gundi za karakana, wakapendana papo hapo, shangazi naye akapata kiti. Chumba kikajaa maongezi. Zilizungumzwa ndoa za watu, wakwe wakorofi na wakwe wema, na shangazi akataka kujua ni kwa nini watu wazima wote hao wamelikodolea macho koleo. Sumaku aliyaacha mazungumzo yatambae yanakotaka, kisha akayavuta kidogo.

"Mrefu, hivi ndege ya hawa wa arusi uliifunga za pakiti, sivyo?"

"Pakiti ya nini, dada, na kopo liko hapo? Nilitoa kwenye kopo."

Fundi Kimya aliinua kichwa.

"Kopo hilo?" aliuliza.

Wote walimgeukia, maana sauti yake ilikuwa kubwa. Mrefu akasema ndiyo, kopo hilo hilo, lipo lingine?

"Bosi, ndege ile isiondoke," alisema Kimya.

"Nani kasema isiondoke? Kwa nini?"

Kimya alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye viatu vya Mama Stoo, viatu vyeusi vilivyong'arishwa, yakaishia hapo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Ilionekana wazi kwamba maneno anayo, na kwamba kila neno lingepita juu ya mama wa mke wake. Aliyameza, akayarudisha, akayameza tena. Nje mtoto wa arusi alikuwa akihesabu kwa sauti, wenzake wajifiche.

Hapo ndipo boliti iliposema.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa tak, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia jiko, halafu kitu kikagonga bati la rafu na kubiringika sakafuni. Kikasimama karibu na kiguu cha benchi: kichwa cha boliti, cheupe, kinang'aa. Kwenye jiliwa, ile ya dhahabu ilikuwa bado imekaa palepale.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Shangazi aliuliza kama hizo ndizo zilizoko kwenye ndege yao.

"Ndizo," Sumaku alimjibu kwa utulivu. "Ndiyo maana mpo hapa mnakunywa chai."

Kisha akamgeukia Mama Stoo. Alimwita mama, akamwambia hana nia ya kumfokea, ameshafokewa vya kutosha. Anataka tu kujua kutu ilitolewa kwa kitu gani.

Mama Stoo alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili, pale penye vitundu.

"Kwa tindikali," alisema. "Ile ya betri. Nilizilowesha kwenye beseni, nikazisugua moja moja kwa mswaki. Zikatakata zikawa kama mpya." Akavitazama vile vitundu. "Mwanangu, tindikali ilizila?"

Sumaku alimweleza yeye kwanza, kabla ya Bosi. Tindikali haikula boliti. Ilikula kutu, na ile ngozi ya dhahabu nayo. Lakini inapokula huachia hewa, haidrojeni, nyepesi kuliko hewa zote, na kiasi chake hupenya ndani ya chuma. Chuma laini, cha misumari na madirisha, hakijali sana. Ila chuma cha pua kilichopikwa kikawa kigumu kupindukia hununua nguvu kwa kuuza uvumilivu wake. Ukishakikaza, ile hewa hukusanyika mahali kinapovutwa zaidi, ufa ukaanza ndani kwa ndani bila mtu kuuona, mpaka siku au saa yake ifike. Viwandani, wakilazimika kukiosha hivyo, hukitia kwenye tanuri upesi ili hewa itoke.

"Kukioka? Kama mkate?"

"Kama mkate, mama. Na kwa kipimo chao, si kwa jiko la nyumbani."

Mama Stoo alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamtazama mkwe wake. "Na wewe baba, nilipokupa kopo ulikague, hukuona?"

"Sikuangalia, mama," Kimya alijibu akiangalia sakafu.

"Hukuangalia kwa nini? Si kazi yako?"

Kila mtu chumbani alilijua jibu, hata shangazi aliyeingia humo mchana ule. Kimya alilisema hata hivyo, kidogo kidogo, kama anayevuta msumari. Alisema alilipokea kwa mikono miwili, likiwa limefunikwa kitambaa. Kulifunua na kuanza kuchambua kitu alichopewa na mama, mama mwenyewe amesimama pale, baada ya Bosi kumtoa machozi mbele ya watu, hakuweza. Akasema zimepita. Alipoiokota boliti iliyovunjika ndipo alipoelewa.

"Basi ukaona bora ufungwe," alisema Mama Stoo, "kuliko kuniambia nimekosea."

Kimya aliinama, akaokota kile kichwa cha boliti sakafuni, akakiweka mezani.

Bosi alikuwa ameshaondoka. Walimkuta kwenye ndege ya pili, amevua koti, yeye na Mrefu wameinyanyua kwa jeki na wanaanza kuufungua mguu wa kulia, abiria wamesogezwa mbali. Mrefu alitia spana kwenye boliti ya kwanza, ikatoka nzima. Ya pili ikatoka nzima. Ya tatu aliigusa tu kwa spana, na kichwa chake kikamdondokea mkononi peke yake, chepesi kama kifungo cha shati, mwili wake umebaki ndani ya tundu. Bosi alikichukua. Alikaa chini kwenye lami na shati lake jeupe, akiwatazama watoto waliokuwa wakicheza mchezo wa kujificha kati ya masanduku.

"Nilimfokea kwa ajili ya kutu," alisema. "Kutu ingeonekana."

Sumaku alipiga simu kituoni. Aliwaambia kwamba Fundi Kimya hatakuja jioni hiyo, kwamba mkono wake hauna kosa, na kwamba kosa la jicho lake ni la kushughulikiwa na mamlaka ya ndege, si la mahabusu. Kisha akamwambia mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba leseni ya ukaguzi anaichukua, na ataipata akishafanya mtihani upya. Kufunga bado anaruhusiwa, kukiwa na mtu wa kumkagua. Na akamwambia jambo moja zaidi: siku nyingine akinyamaza hivyo na watu wako ndani ya ndege, atampeleka polisi yeye mwenyewe kwa gari lake. Kimya aliitikia. Kopo la biskuti likafungwa kwa karatasi ya gundi na kuingia kwenye buti la Sumaku, pamoja na kila boliti nyeupe waliyoitoa.

Ndege ya arusi ilibaki kufungwa upya. Sumaku alisema atasimama pale mpaka boliti ya mwisho, arusi isubiri, na shangazi akaunga mkono kwa sauti iliyowanyamazisha wajomba wote. Mrefu alikwenda dirisha la stoo kuchukua boliti. Mama Stoo alikuwa amesimama nyuma ya dirisha na pakiti ya kiwandani mkononi, macho mekundu, aproni ameshaivua.

"Si wewe," alimwambia Mrefu. "Mwite mkwe wangu."

Kimya alikuja. Mama Stoo alichana pakiti, akatoa boliti moja ya rangi ya dhahabu iliyofifia, akaisukuma mbele yake dirishani. Kimya alinyoosha mikono miwili kuipokea, uso chini.

"Mkono mmoja unatosha," alisema mama. "Wa pili shika taa. Ikague, baba. Mimi nipo hapa hapa, siendi popote."

Sumaku, aliyekuwa ameegemea mlango akisubiri kuikagua upya kila boliti baada yake, aliona masikio ya Kimya yakiiva. Fundi aliiwasha taa. Aliinua boliti usawa wa macho, na kwa kuwa dirisha lilikuwa dogo, uso wa mama mkwe ukawa nyuma yake palepale, hauna pa kukwepeka. Aliigeuza. Akapitisha ukucha kwenye meno yake, akaichungulia shingo, akaigeuza tena, jasho likimtiririka. Ilionekana boliti nzima isiyo na kasoro. Alikaribia kuitikia, akasita. Kisha akairudisha kwenye mwanga.

"Ina kijidoa hapa, mama," alisema. "Chini ya kichwa. Nadhani ni grisi tu, lakini siichukui."

Mama Stoo aliipokea, akaivalia miwani, akaitazama muda mrefu.

"Haya," alisema, akaingiza mkono kwenye pakiti. "Nakupa nyingine."